Uzee wa Gari Si Cheti

Katika uwanja wa nyumba yetu hapa Mtae lipo gari ambalo wapita njia hulitazama kwanza kabla ya kunisalimia mimi mwenyewe. Ni Land Rover ndefu, ya 109, iliyotoka kiwandani katika miaka ya 1960. Nililirithi kwa marehemu baba, pamoja na shamba la viazi na madeni mawili ambayo nimekwisha kuyalipa. Watoto huliita Mzee. Watu wazima nao, wakiwa na mgonjwa, mzigo au maiti, huja kuuliza kama Mzee yuko salama leo, na mimi hujua kwamba si afya yangu inayoulizwa.

Siku moja alikuja kututembelea mpwa wangu anayeishi Uingereza. Jioni tukaketi barazani, na yeye akawa analizunguka lile gari akilipapasa ubavuni kama mtu apapasaye ng'ombe aliyemchunga utotoni. Akasema, "Mjomba, kule gari kama hili lingekuwa halikaguliwi. Likitimiza miaka 40 linasamehewa. Serikali inaliheshimu." Wazee wenzangu wawili waliokuwapo walicheka kwa furaha. Mmoja wao, ambaye naye ana lori la zamani, akapiga goti lake akasema, "Basi na sisi tusamehewe! Kwani magari yetu hayakuzeeka?"

Mimi sikusema kitu. Wakadhani nimekubali, maana msamaha kama huo ungeanza kwangu. Leo nataka kuandika yale niliyoyanyamazia jioni ile. Sitaki gari langu lisamehewe, na sitaki la jirani yangu lisamehewe. Najua nitachukiwa kidogo kwa maneno haya, lakini kuchukiwa ni nafuu kuliko mambo mengine niliyoyaona katika barabara hii.

Kwanza niwatendee haki Waingereza, maana si vema kubishana na mtu kwa kumpotosha. Ni kweli kwamba tangu Mei 20, 2018, gari la zaidi ya miaka 40 ambalo halikubadilishwa sana umbo lake halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka nchini mwao. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, msamaha ulikuwa kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya 1960. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo ziliruhusiwa na agizo la mwaka 2014 kuyaondoa katika ukaguzi magari ya kihistoria yenye miaka 30 au zaidi. Sababu zao zinaeleweka. Wanasema magari hayo ni machache, hutembea safari chache kwa mwaka, tena mara nyingi siku za jua, na wenyewe huyatunza kama mboni ya jicho. Wanaongeza kwamba mitambo ya ukaguzi ya siku hizi imetengenezwa kwa magari ya siku hizi.

Sasa, ndugu msomaji, chukua sababu hizo moja moja uzilete Mtae, uone zitapandaje mlima.

Mtae imekaa juu ya ncha ya milima ya Usambara, upande wa kaskazini-magharibi, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla kama meza. Ukisimama ukingoni unaona mbuga za Mkomazi chini yako, zaidi ya mita 1,000, na siku ya hewa safi unaona Kilimanjaro kwa mbali. Wageni huja kutoka nchi za nje kutazama mandhari hayo. Sisi wenyeji tunayatazama kwa jicho jingine, kwa sababu barabara yetu inapita juu ya mgongo huo huo, na mahali pengi upande mmoja ni genge la udongo na upande wa pili ni hewa. Kutoka hapa hadi Lushoto mjini ni kilomita 60 hivi, kupitia Sunga, Manolo, Lukozi na Magamba. Ukifika Lushoto bado hujamaliza: iko lami ya kilomita 33 inayoshuka kupitia Soni hadi Mombo, ikipinda na kupindua. Viazi vyetu, kabichi zetu, maharage yetu na wagonjwa wetu vyote hushuka njia hiyo.

Je, magari ya zamani ni machache hapa? Yapo ya kutosha, na ndiyo tunayoyategemea, kwa kuwa ndiyo yaliyostahimili barabara. Je, hutembea safari chache siku za jua? Hutembea hasa siku za mvua, maana gari jipya lililo chini chini halithubutu kutoka tope linapoanza. Na je, wenyewe huyatunza kama mboni ya jicho? Hapa ndipo ninapojikohoza, kwa sababu mimi ni mmoja wa wenyewe hao. Huko Ulaya gari kongwe ni pambo la mtu aliyekwisha kupata gari jingine la kumpeleka kazini. Kwetu gari kongwe ndilo la kazini. Ndilo lori, ndilo basi, ndilo gari la wagonjwa, na Jumamosi ndilo la harusi. Msamaha uliotungwa kwa ajili ya pambo hauwezi kuvalishwa punda wa mzigo.

Tena hata hao Waingereza hawakusamehe kila kitu. Mabasi makongwe yanayobeba abiria kwa biashara hawakuyaingiza katika msamaha huo. Na mwenye gari lililosamehewa bado anashtakiwa akilipeleka barabarani likiwa bovu. Mpwa wangu hakutuambia hayo, nami simlaumu. Mtu akileta habari njema kutoka mbali huwa hasomi maandishi madogo ya chini.

Liko jambo jingine ambalo linanifurahisha zaidi kama hoja. Ukaguzi huo wa Uingereza ulipoanzishwa mwaka 1960, ulianza kwa magari ya aina gani? Ulianza kwa magari yenye umri wa miaka 10 na kuendelea. Magari mapya hayakuguswa. Baadaye umri ulishushwa kidogo kidogo, na kufikia mwaka 1967 ukawa miaka mitatu. Maana yake ni kwamba ukaguzi ulizaliwa kwa ajili ya magari ya zamani, kwa sababu yalionekana kuwa ndiyo yenye hatari. Leo mtoto huyo amekua, amemwacha aliyemzaa na kuwakagua wajukuu.

Na tusidhani Ulaya yote imekubaliana. Wajerumani, ambao waliwahi kuita Lushoto yetu Wilhelmsthal, wana namba maalumu ya gari ya kihistoria tangu mwaka 1997, yenye herufi H mwishoni. Gari lazima liwe na miaka 30 na liwe katika hali yake ya asili. Mwenye gari hupata nafuu ya kodi. Lakini ukaguzi wa kila miaka miwili haukufutwa. Gari lenye herufi H linapita pale pale wanapopita wengine. Wao wameona kwamba inawezekana kuliheshimu gari la kale bila kuliamini kwa upofu. Mimi naona hiyo ndiyo heshima yenye akili.

Sasa niseme juu ya gari lenyewe, maana watu hubishana juu ya magari makongwe kana kwamba ni babu zao, na kusahau kwamba ni chuma, mpira na mafuta. Land Rover ya aina yangu ni gari la ajabu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na uzao wake uliendelea kutoka kiwandani Solihull hadi Januari 2016. Oktoba 2024 wenye magari hayo walikusanyika Arusha kwa mamia katika tamasha lao, na ningalikuwa na nafasi ningalikwenda. Ninalipenda. Lakini kulipenda kumenifanya nilijue, na kulijua kumenifanya niliogope.

Bodi yake ni ya alumini, kwa hiyo haishiki kutu upesi. Ukilipiga rangi, gari la miaka 50 linang'aa kama la jana. Fremu iliyo chini yake ni ya chuma, nayo huoza kimya kimya kwa ndani, pale tope linapojikusanya. Mtu akisimama pembeni akatazama rangi, hataona kitu. Hapana budi apige magoti, alale chini, agonge kwa nyundo ndogo na kusikiliza.

Breki zake zote nne ni za ngoma, na zinaendeshwa na mfumo mmoja tu wa mafuta. Magari ya baadaye yaligawiwa mifumo miwili, hata mmoja ukivuja mwingine ubaki. Langu halina wa pili. Bomba moja la mpira likipasuka, pedali inazama hadi sakafuni na magurudumu yote manne yanakuwa huru kwa wakati mmoja. Tena mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Yakizeeka, katika mteremko mrefu hupata moto, maji yaliyomo huchemka, na dereva hukanyaga mvuke badala ya mafuta. Kwa macho mafuta hayo ni yale yale.

Breki ya mkono nayo haishiki magurudumu. Inashika propela, nyuma ya gia boksi. Kwa hiyo ikiwa shafti ya ndani ya ekseli ya nyuma itakatika, na katika magari haya hukatika sana, difu itazunguka bure na breki ya mkono itakuwa mapambo. Na gia ya kwanza na ya pili katika magari ya aina hiyo ya zamani haziingii kwa upole gari likiwa mbioni. Lazima ukanyage klachi mara mbili na kulinganisha mwendo kwa sikio. Kijana aliyejifunzia gari la siku hizi hawezi kuirudisha gia ya pili akiwa ameshikwa na hofu katika mteremko. Wazee pia hawawezi kila mara.

Ninayajua mambo hayo, ndugu msomaji, kwa sababu yote yalinitokea katika muda usiozidi dakika moja.

Ilikuwa Desemba 2009. Mwezi mmoja kabla yake nilikuwa nimepata stika ya ukaguzi. Nasema nilikuwa nimepata, kwa maana gari halikuondoka hapa uwanjani. Nilitoa fedha kwa mtu aliyekuwa akishuka mjini, naye akarudi na stika mfukoni, na mimi nikaibandika kwenye kioo kwa mate na shukrani. Sitasema alipitia kwa nani. Mkosaji mkubwa katika habari hii ninamjua kwa jina, na ndiye anayeandika.

Nilikuwa nimepakia magunia tisa ya viazi kwenda soko la Lukozi. Mbele nilikaa na mama mmoja na mtoto wake. Nyuma, juu ya magunia, walikaa vijana watatu. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha barabara inateleza. Katika mteremko mmoja ninaoupita hadi leo, nilikanyaga breki, nikasikia pedali imeshuka bila upinzani, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwapo. Nikajaribu gia ya pili, ikalia na kukataa. Nikavuta breki ya mkono. Ikashika, gari likasita, na kwa kitambo kidogo nikamshukuru Mungu. Kisha ukasikika mlio kama wa tawi kavu, na gari likaendelea. Hapo sikuwa na kitu tena isipokuwa usukani. Nikaligongesha kwenye genge la udongo upande wa juu, kwa kuwa upande wa chini haukuwa na kitu cha kugonga.

Hatukufa. Mama na mtoto walitoka na michubuko. Vijana wawili waliruka. Wa tatu, aliyekuwa na umri wa miaka 17, alibanwa kati ya magunia na ubavu wa gari, na mguu wake ukavunjika mahali pawili. Mguu ule uliunga vibaya. Leo ni mtu mzima mwenye mke na watoto, na anapopanda njia ya kwangu ninamjua kwa hatua zake kabla sijamwona. Kila mara husema, "Shikamoo, Mzee," kwa adabu ile ile, wala hajawahi hata siku moja kuniuliza juu ya stika. Ningefurahi kama angeniuliza.

Fundi aliyelikokota gari lile alinionyesha bomba la mpira lipelekalo mafuta kwenye ekseli ya nyuma. Lilikuwa na nyufa kama kisigino cha mtu atembeaye pekupeku kiangazi chote. Akasema, "Mzee wangu, hili lilikuwa linasema siku nyingi." Bomba lenyewe lilikuwa la bei ya gunia moja la viazi, pengine pungufu. Mtu yeyote ambaye angelala chini ya gari kwa dakika tano angeliona. Na stika yangu, pale juu kwenye kioo, ilikuwa bado mpya.

Nimeeleza habari hiyo ili msomaji ajue ninapozungumza juu ya msamaha ninazungumza juu ya kitu nilichokwisha kukijaribu. Kwa maana stika isiyoona gari ni nini, kama si msamaha? Tofauti yake na msamaha wa Uingereza ni kwamba wao wameuandika kwenye sheria na sisi tumeuweka mfukoni. Mimi niliusamehe ubovu wa gari langu mwenyewe kwa fedha kidogo, na aliyelipa sehemu iliyobaki ni mtoto wa watu.

Najua hoja za wenzangu. Nimezisikia barazani miaka mingi, na baadhi yake niliwahi kuzisema kwa sauti kubwa.

Wanasema mwenye gari kongwe analijua gari lake kuliko mkaguzi yeyote. Ni kweli kwamba tunayajua. Ninajua sauti ya injini yangu kama ninavyojua kikohozi cha mke wangu. Lakini mazoea yana ubaya wake. Pedali iliyokuwa ikishuka kidogo zaidi kila mwezi mguu wangu uliizoea kila mwezi. Mgeni angeikanyaga mara moja akashtuka. Ndiyo sababu daktari hajitibu mwenyewe, na ndiyo faida ya mkaguzi hata kama ana elimu ndogo kuliko mwenye gari: yeye hajalizoea.

Wanasema magari ya mtumba yanayotoka Japani ni mabovu kuliko yetu, na hayo ndiyo yakaguliwe. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Kule Japani gari dogo la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni wa gharama. Watu wengi huona heri kuliuza gari kuliko kulipia ukaguzi mwingine, nalo hupandishwa meli na kuja kwetu. Kwa maneno mengine, sehemu ya magari tunayoendesha yametufikia kwa kuukimbia ukaguzi. Basi yakaguliwe nayo, na yakaguliwe sana. Lakini ubovu wa gari la jirani haujapata kuitengeneza breki ya gari langu.

Wanasema ukaguzi ni mradi wa rushwa, na kuufuta kwa magari ya zamani ni kupunguza mianya. Hoja hii inauma kwa sababu ina ushahidi, na mimi ni sehemu ya ushahidi huo. Hata hivyo naikataa. Mlango ukiwa na kitasa kibovu, mwenye nyumba hutengeneza kitasa, haondoi mlango. Tena rushwa ya ukaguzi ina watu wawili, na sisi wenye magari tumezoea kuhesabu mmoja.

Wanasema sisi ni maskini, spea ni ghali, na Lushoto ni mbali. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo ambayo wakubwa hawaisikilizi. Mtu wa Mtae akiambiwa apeleke gari Lushoto, anaambiwa atumie siku nzima na mafuta ya kilomita 120, kwenda na kurudi, ili mtu atazame taa na kizima moto. Akishindwa, atatafuta njia niliyoitafuta mimi. Kwa hiyo dawa ya umaskini huu ni kuuleta ukaguzi mlimani. Trafiki wakija Lukozi siku ya soko pamoja na fundi mmoja mwenye ujuzi, watayakuta magari yote ya tarafa yamekuja yenyewe, yakiwa na mizigo yake halisi. Waweke mbao mbili juu ya mtaro ili mtu aweze kupita chini. Wachague mteremko mmoja mfupi wenye mahali salama pa kuishia, walijaribu kila gari kwa breki ya mguu na kwa breki ya mkono. Hakuna mtambo unaohitajika hapo unaozidi jozi ya macho, nyundo, taa ya mkononi na mtu asiyeogopa kuchafua shati.

Sheria yenyewe tunayo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kutembea barabarani, wala haiulizi gari lilizaliwa lini. Kila mwaka tunaadhimisha Wiki ya Nenda kwa Usalama, hotuba zinatolewa na stika zinabandikwa. Mamlaka ya kusimamia usafiri wa nchi kavu, LATRA, ilichukua kazi hiyo mwaka 2019 kutoka SUMATRA. Kilichopungua si karatasi. Kilichopungua ni mtu kulala chini ya gari.

Na gharama ya kutolala chini ya gari tunaijua. Februari 24, 2024, huko Ngaramtoni, Arusha, lori lililoshindwa kushika breki liligonga magari mengine, na watu 25 wakapoteza maisha. Lori halikuwa letu na barabara haikuwa yetu, lakini mteremko ni mteremko. Mzigo haubishani na mtu juu ya historia ya gari.

Je, basi gari kongwe lisipewe haki yoyote? Lipewe. Ninadai haki mbili kwa niaba ya Mzee wangu. Ya kwanza, lipimwe kwa kipimo cha siku zake. Mkaguzi asilikatae kwa kukosa vitu ambavyo halikuzaliwa navyo, wala asinilazimishe kutoboa bodi ya alumini ili kufunga kidubwasha cha mwaka huu. Aulize kama lile lililotengenezwa na kiwanda linafanya kazi kama kiwanda kilivyokusudia. Breki za ngoma, zikiwa nzima, zinasimamisha gari; miaka mingi ziliwasimamisha baba zetu katika milima hii hii. Ya pili, gari lililoegeshwa bandani kama kumbukumbu, lisilotia gurudumu barabarani, liachwe lipumzike. Huo ndio msamaha pekee ninaoukubali, na hata huo ukome siku litakapovuka mtaro kuingia barabarani.

Lakini hilo la kubeba watu, lisikaguliwe mara moja tu kwa mwaka. Kama ingekuwa amri yangu, gari la zaidi ya miaka 30 linalobeba abiria au mizigo katika barabara za milimani lingekaguliwa mara mbili, kabla ya masika na kabla ya vuli. Hapa najua hata marafiki wataniacha. Watasema nawaadhibu wazee. Ndugu zangu, nanyi mmezeeka, kama mimi. Tulipokuwa vijana tulikwenda hospitali tulipoumia. Siku hizi daktari anatuita hata tusipoumia, atupime presha na sukari, na hakuna anayesema kwamba daktari huyo hatuheshimu.

Yule mpwa wangu alipokuwa akiondoka niliwasha gari kumpeleka stendi alfajiri, maana mabasi ya hapa huondoka kabla ya jogoo kumaliza kazi yake. Akaniona nimelala chini ya gari na tochi kinywani, mgongo kwenye umande. Akauliza, "Mjomba, limeharibika?" Nikamwambia halijaharibika. Nikagusa lile bomba la mpira kwa kidole, nikaupitisha mkono kwenye ukingo wa ndani wa kila gurudumu kuona kama pana unyevu, nikatoka. Hufanya hivyo kila asubuhi kabla ya kubeba mtu, na kila mwaka hulipeleka gari lenyewe mjini, likiwa na magurudumu yake manne na mimi mwenyewe usukanini, hata kama nitapoteza siku nzima.

Njiani, karibu na ule mteremko, tulimkuta mtu akipanda na jembe begani, akiuburuta mguu mmoja kidogo. Nikapunguza mwendo. Akainua mkono. "Shikamoo, Mzee." Nikaitikia, "Marahaba," nikaingiza gia ya pili mapema, tukateremka polepole.